Itale: Jiwe Lililopoa Polepole



Katika nyumba nyingi za ghorofa za mtaa wetu wa Fedha, kaunta ya jikoni imefunikwa kwa bamba la jiwe linalong'aa, ambalo mafundi huliita graniti. Jina lake la Kiswahili ni itale. Yafaa tujue jiwe hili lilivyofanyika, maana ugumu wake na hatari yake vyote viwili vyatokana na asili yake.

Mwamba ulio chini ya udongo wetu mweusi unaonata wakati wa mvua ni zaha: mawe yaliyoyeyuka kwa moto, yakamiminika juu ya nchi na kupoa upesi, hata chembe zake nyingi hazionekani kwa macho. Itale halikutoka nje. Lilibaki kilomita kadhaa chini ya ardhi, likapoa kwa maelfu mengi ya miaka, na chembe zake zikapata nafasi ya kukua. Ndiyo sababu twaziona: kwatsi kama kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, na ulanga unaometameta. Baadaye mvua na mito iliondoa miamba iliyolifunika. Atakaye kuliona na aende Kit Mikayi, karibu na Kisumu, au Mwanza, ambako majabali ya itale yamesimama ziwani.

Kwa kuwa chembe hizo zimeshikamana sana, itale hubeba uzito mkubwa, wala ndimu hailiharibu. Mnunuzi na adondoshe ndimu juu ya kipande cha mfano. Kikipauka, ni marumaru, si itale. Bamba jeusi tititi mara nyingi ni gabro, ndugu yake itale, lililopoa vilevile chini ya ardhi.

Hatari iko katika vumbi la kwatsi. Fundi akikata itale bila maji, vumbi laini humwingia mapafuni na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya, nao hufungulia mlango kifua kikuu. Kitambaa puani hakitoshi.

Basi, mwenye nyumba, mtake fundi atumie mashine iliyotengenezwa kukata kwa maji, avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, wala asikate ngazini wanapopita watoto. Kaunta ikivunjika hununuliwa nyingine. Mapafu hayauzwi dukani.