Huyo Mnayemwita Mgonjwa Mbishi

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa kata yetu. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo nimeiandika karibu vile vile nilivyoisema. Utani nimeupunguza kidogo.)



Nilipoombwa nizungumzie afya, najua wengi mlitegemea nije na ile orodha yetu. Zahanati haina dawa, zahanati haina maji, mama kajifungulia kwenye bajaji. Hayo mnayajua, na jukwaani mnayasema vizuri kuliko mimi. Mimi leo nimekuja na jambo ambalo sikumbuki kuliona kwenye bango letu hata moja. Nimekuja kuwazungumzia wale wagonjwa tunaowaita wabishi.

Kwa wasionijua, mimi ni muuguzi. Diploma ninayo, leseni ninayo, ajira sina. Ninajitolea kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, maana kesho asubuhi narudi pale pale. Nauli najilipia mwenyewe. Nikiuliza humu ndani nani ana ndugu aliyesomea afya na yuko nyumbani anasubiri ajira, nadhani mikono itakuwa mingi, kwa hiyo siulizi.

Sasa, mwaka jana tulimpokea kijana wa kidato cha pili. Ana kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho bila sindano ya insulini kila siku mtu hafiki mbali. Ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa ndani ya mwaka mmoja. Kwenye faili lake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hafuati maelekezo." Chini yake mwingine akaongeza: "Mbishi."

Nilikuwa zamu ya usiku, wodi imetulia, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Msidhani ni wema, sikuwa na kiti. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, ile sindano ya mchana huwa unachomea wapi?" Akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Chooni, dada."

Anasoma bweni. Wenzake walimkuta na bomba la sindano, wakaanza kumwita teja. Akahamia chooni, na choo cha shule zetu mnakijua. Bwenini hakuna friji, kwa hiyo alikuwa amefundishwa kuhifadhi insulini kwenye chungu chenye mchanga uliolowekwa maji. Njia hiyo inafanya kazi. Wenzake wakakiona kile chungu, wakasema ni cha mganga. Akakitupa. Akaacha sindano ya mchana, baadaye akaacha na ya jioni, hadi siku akaanguka mstarini.

Nikamuuliza dozi zake. Alizitaja zote kwa uniti bila kusita, na akanisahihisha mahali nilipokosea. Niambieni basi, huyu tumuongezee somo gani la kisukari? Elimu anayo. Hana mahali pa kuchomea sindano bila kuitwa teja, na katika mara tatu alizolazwa hakuna aliyemuuliza. Aliulizwa tu kama ametumia dawa.

Usiku ule nilikumbuka kitu tulichopitishwa haraka haraka chuoni. Watu wengi hawajui kwamba wauguzi nao wana utafiti wao, na sehemu kubwa ya utafiti huo ni kuhusu kile kinachomsibu mtu akishatoka hospitalini: woga, aibu, upweke, hela ya nauli, nani yuko nyumbani. Vitabuni wanaita mambo ya kisaikolojia na kijamii. Jina refu, lakini ni hayo tu.

Kuna muuguzi mmoja wa Marekani, Margaret Grey, wa Chuo Kikuu cha Yale. Yeye na wenzake walichukua vijana 77 wa umri wa miaka 12 hadi 20, wote wana kisukari kama cha yule mdogo wangu, wote wanaanza tiba ile kali ya sindano nyingi kwa siku. Wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapata tiba peke yake. Jingine likapata tiba ile ile, na juu yake vikao vya vikundi vidogo. Na kwenye vikao hivyo hawakuhubiriwa kuhusu sukari. Waliigiza! Uko na marafiki, wanakula vitu ambavyo wewe huwezi kula, unasemaje? Unashawishiwa pombe, unafanyaje? Mzazi anakufuatafuata kama mtoto mdogo, unamjibuje bila ugomvi? Wanaigiza, wanakosolewa, wanarudia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Baada ya mwaka mmoja, walioigiza walikuwa na sukari nzuri zaidi kwenye damu kuliko wenzao, na hapa naongelea kipimo cha maabara kinachoonyesha hali ya miezi mitatu nyuma, wala si maneno yao wenyewe. Walijiamini zaidi kwamba wanaumudu ugonjwa, na ugonjwa ukawa hauwaharibii maisha sana. Dawa ilikuwa ile ile, tofauti ikawa kwenye mazungumzo.

Mwingine ni Merle Mishel, naye muuguzi wa huko huko. Mwaka 1988 aliandika nadharia kuhusu hali ya mgonjwa kutojua: sijui kinachonipata maana yake nini, sijui kesho kitakuwaje. Alieleza kwamba kutojua huko kunaweza kugeuka mzigo, na kwamba mtoa huduma anayeaminika anaweza kuupunguza. Mimi nikisoma hapo namwona mama yangu mdogo na presha yake. Alimeza dawa miezi miwili, akapimwa, akaambiwa "imeshuka". Akaenda nyumbani akaacha dawa. Jamani, imeshuka, si amepona? Hakuna aliyemwambia kwamba imeshuka kwa sababu anameza. Dirishani kulikuwa na foleni, na yule muuguzi wa dirishani simlaumu, maana nimekaa dirisha hilo hilo. Ukiwa na watu themanini mbele yako na muuguzi ni mmoja, neno moja ndilo unaloweza kumpa mtu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na karibu 9% wana kisukari. Hao ni wazazi wetu. Wengine ni sisi wenyewe, hatujapimwa tu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, hiyo ni Yale, sisi hapa hata glavu hakuna. Sawa. Basi nenda CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, hapa hapa nchini. Mtu anayeanza dawa pale anakalishwa chini. Anaulizwa, nyumbani umemwambia nani? Nani atakukumbusha dawa? Kuna waelimishaji rika, watu wanaoishi na hali kama yake, wanaomwambia mimi nilipita hapo. Asipofika siku yake, kuna anayemtafuta. Yaani nchi hii inajua kabisa kwamba dawa bila mazungumzo haimezeki. Tumeshafanya kwa miaka mingi. Ukitoka mlango huo ukaingia wa kisukari na presha, jengo ni moja, unapewa karatasi na tarehe.

Kwa nini? Kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ile ya CTC ilibebwa na fedha za wafadhili, Wamarekani mbele. Sisi hatukuwahi kuiona kama gharama yetu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wagonjwa waliingiwa na hofu, na walioanza kuulizia kazi zao ni wale wale wa kuzungumza na watu. Nchi inayowaachia wageni kazi ya kuwasikiliza wagonjwa wake haina haki ya kuwaita wabishi. Hapa ndipo siasa inapoingia, kwa mliokuwa mnasubiri siasa.

Nitoe mfano mmoja wa Afrika, maana huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe iliendesha bomoabomoa kubwa mijini, iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao laki saba walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Daktari wa akili Dixon Chibanda alipotaka kuwahudumia watu wa Mbare, pale Harare, aliambiwa wauguzi wana kazi nyingi na chumba hakuna. Alichopewa ni bibi kumi na nne wanaojitolea. Basi wakaanza mwaka 2006, nje, kwenye benchi. Yeye alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia, mwanangu, hapo hakai mtu. Likaitwa Benchi la Urafiki.

Washona wana neno, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo". Bibi walizungumza lugha hiyo. Mwaka 2016 utafiti wao ulitoka, watu 573 kwenye kliniki 24 za Harare, na takriban wanne kati ya kumi waliishi na VVU. Baada ya miezi sita, walioketi na bibi wenye dalili za sonona walikuwa kama 14%. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa 50%. Nisiwadanganye: utafiti ule ulipima mawazo na sonona, haukupima presha wala sukari. Lakini benchi hilo limeshafika Malawi na hadi Zanzibar, kwa hiyo mtu asituambie haiwezekani kwetu.

Na nisieleweke vibaya. Serikali isije ikasikia "bibi wanaojitolea" ikafurahi. Mimi mwenyewe ninajitolea, nawaambia kujitolea hakulipi kodi ya nyumba. Bibi wale walianza kwa sababu nchi yao ilikuwa imebomoka. Yetu ina wauguzi wenye leseni wanaouza vocha.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tukiijadili tunabishana vipimo, dawa, kiwango cha mchango. Ni sahihi tubishane. Ila sijamsikia mtu wa upande wetu, na mimi nikiwemo, akiuliza kama kifurushi kinalipia dakika ishirini za muuguzi kukaa na mgonjwa wa kisukari. Tunadai 15% ya bajeti iende afya, ile ahadi ya Abuja ya 2001, halafu tukiulizwa mtafanyia nini tunajibu majengo. Wenzetu waliopo madarakani nao wanajibu majengo. Tofauti yetu ni rangi ya bendera?

Kwa hiyo naomba kamati yetu ya sera iandike, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba kila kliniki ya kisukari na presha iwe na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, kama CTC. Na shule za bweni ziwe na sehemu yenye mlango unaofungwa ambapo mwanafunzi anaweza kuchoma sindano yake. Mlango mmoja tu, haugharimu hata posho ya semina.

Yule kijana mnataka kujua. Usiku ule niliigiza mimi mbabe wa bweni, namwita teja, yeye ananijibu. Mara ya kwanza alilia. Mara ya nne alinijibu jibu ambalo siwezi kulirudia mbele ya wazee hawa. Mwalimu wa zamu amekubali chungu kikae ofisini kwake. Mwezi uliopita alilazwa tena, ila safari hii alikuja mwenyewe, anatembea, kabla hajaanguka.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na kuna dada kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja presha.