Baada ya Mbio, Nani Atampeleka Mgonjwa Hospitali?

Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa viongozi wa vikundi vya wakimbiaji waliokutana Eldoret kupanga mbio za hisani za Oktoba, mwezi wa uhamasisho kuhusu saratani ya matiti. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

Naomba niingie kwenye jambo lenyewe moja kwa moja, kwa sababu naona wengine wenu mmetoka mazoezini sasa hivi na chai bado haijafika.

Mliniita niwaeleze namna ya kutangaza mbio. Hiyo ni kazi nyepesi. Eldoret hakuna haja ya kumbembeleza mtu akimbie. Wala kukimbia kwa ajili ya mwingine si jambo geni hapa: Kipchoge Keino alirudi na dhahabu kutoka Mexico mwaka 1968, kisha yeye na mkewe wakawalea watoto yatima mjini humu humu. Matangazo tutayapeleka redioni, makanisani, misikitini na sokoni, na watu watakuja. Linalonisumbua mimi ni Jumatatu inayofuata.

Mbio za kuchangia wagonjwa wa saratani ya matiti zina historia. Huko Dallas, Marekani, mwanamke aitwaye Nancy Brinker alimpoteza dada yake, Susan Komen, mwaka 1980. Mwaka 1983 wakafanya mbio za kwanza kwa jina la dada huyo, wakimbiaji kama 800 hivi. Leo mbio za namna hiyo zimeenea nchi nyingi. Hapa kwetu mnazikumbuka mbio za Beyond Zero zilizoanzishwa mwaka 2014 na Mama wa Taifa wa wakati huo, Margaret Kenyatta, kwa ajili ya afya ya kina mama na watoto. Baadaye kila kaunti ikaona gari la kliniki limefika. Mwananchi aliweza kunyosha kidole akasema: hela zetu ni zile pale, zina magurudumu manne.

Sasa hizi zetu zitaonekana wapi?

Ngoja niwaambie safari ya mgonjwa ilivyo, maana wengi tunajua neno saratani lakini ratiba yake hatuijui. Mama akigundulika, mara nyingi atahitaji upasuaji, na kemotherapi, yaani zile dawa kali zinazopitishwa kwenye mshipa. Dawa hizo kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki tatu au mbili, mara nne, mara sita, hata mara nane. Baadaye wengine hupewa mionzi, siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu au zaidi. Wengine humeza tembe kila siku kwa miaka mitano au kumi. Wapo ambao aina ya saratani yao huhitaji dawa nyingine ya kila wiki tatu kwa mwaka mzima. Hizi si mbio za kilomita kumi, jamani.

Na hospitali yenyewe iko wapi? Sisi wa mjini tuna bahati, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi tunaipita kila siku tukienda kazini. Lakini hospitali hiyo, ambayo ilianza ikiwa na vitanda 60 tu, sasa inapokea wagonjwa kutoka magharibi yote ya Kenya. Mama anatoka Lodwar, zaidi ya kilomita 350. Mwingine anatoka Kapenguria, mwingine Kabarnet, mwingine Busia. Hata humu ndani ya Uasin Gishu, mama wa kijiji cha mbali kule Moiben au Soy anapanda bodaboda kwanza hadi barabarani, ndipo atafute matatu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakisemwi kwenye mabango ya waridi. Kabla ya kila kemotherapi, mgonjwa hupimwa damu. Chembe nyeupe zikiwa zimeshuka sana, daktari hawezi kumpa dawa siku hiyo, kwa sababu itamdhuru. Anaambiwa rudi wiki ijayo. Daktari amefanya sawasawa kabisa. Lakini yule mama wa Lodwar alikuwa ameuza mbuzi kupata nauli ya safari moja. Sasa arudi nyumbani, au alale wapi siku saba? Ale nini?

Nimezungumza na mama mmoja, na amenikubalia nieleze bila jina wala kijiji. Alipata dawa mara mbili. Mara ya tatu damu ilikuwa chini, akarudishwa. Akakaa nyumbani akisubiri mbuzi wa pili apate mnunuzi. Miezi minne ikapita. Aliporudi uvimbe ulikuwa umekua na mpango wote wa matibabu ukabidi ubadilishwe. Hakuna aliyemnyima dawa. Alikosa shilingi elfu chache na mtu wa kumwambia, mama, kesho ni siku yako, twende.

Mtaniuliza, si kuna SHA? Ndiyo, ipo. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na hulipia matibabu ya saratani hadi kiwango kilichowekwa kwa kila kaya kwa mwaka. Kila mkazi anayenisikia na ajiandikishe. Lakini SHA hailipi matatu. Hailipi chumba cha kulala karibu na hospitali, wala uji wa yule shangazi aliyekuja kumtunza. Na kuna kaya ambazo hata mchango wenyewe umezishinda. Kima cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na asiye na mwajiri hutakiwa aulipe wa mwaka mzima. Ada ya wakimbiaji wanne inamfungulia mama mmoja mlango huo.

Hapo ndipo naomba tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, mwekahazina wenu atazibadilisha. Tuseme wakimbiaji 400 wamelipa shilingi 1,000 kila mmoja. Ni 400,000. Fulana moja ni 450, zote 180,000. Medali ni 150 kila moja, 60,000. Mahema, vipaza sauti, maji na ambulansi, 90,000. Mnabaki na 70,000. Sasa tuseme mgonjwa wa mbali na mwenzake wanatumia 8,000 kwa safari moja, nauli na malazi, na ana safari nane. Hiyo ni 64,000. Watu mia nne wametoka jasho, barabara imefungwa, na mmembeba mgonjwa mmoja.

Ondoeni fulana tu. Mnabaki na 250,000. Wagonjwa watatu wanamaliza, na wa nne amebakisha safari moja.

Nasikia mnanong'ona. Najua fulana ndiyo inayowaleta watu, na mimi nina rundo langu nyumbani, nyingine nimegeuza tambara la kupangusia viatu. Mfadhili akitaka kulipia fulana, karibu, aandike jina lake kubwa mgongoni. Ila ada ya mkimbiaji isinunue kitambaa. Na baada ya mbio, leteni hesabu: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimelipia safari ngapi. Nitaichapisha kwenye jarida hili, ukurasa uleule tutakaoweka picha za washindi.

Nikigusia picha, hapo nina neno kali kidogo. Mimi ndiye nitakayekuja na kamera, kwa hivyo sikilizeni. Hakuna mgonjwa atakayepandishwa jukwaani avue kitambaa cha kichwa ili watu waone. Kuna kina mama ambao waajiri wao hawajui, wengine hata wakwe hawajui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka habari ya afya ya mtu miongoni mwa zile nyeti. Anayetaka kusimulia, atasimulia kwa hiari yake, na akibadilisha nia dakika ya mwisho, tunazima kamera na hatumuulizi kwa nini.

Basi kwa nini nyinyi? Kwa nini nisiyapeleke maneno haya kwa kikundi cha kwaya? Kwa sababu nimewaangalia. Walimu, waendeshaji boda, mama wa mboga, karani wa benki. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mko kwenye murram, baridi ya Kapseret na yote. Asiyefika anapigiwa simu. Mna kundi la WhatsApp, mna mwekahazina, mna orodha ya nani anafanya nini siku gani. Mgonjwa wa kemotherapi anahitaji hivyohivyo. Foleni ya kupimwa damu huanza asubuhi na mapema. Ni nani mjini hapa amezoea kuamka saa hiyo bila kunung'unika?

Mlimwona Eliud Kipchoge kule Vienna, Oktoba 2019, saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Waweka kasi walikuwa 41, wakipokezana. Hakuna aliyekimbia umbali wote isipokuwa yeye. Ninachoomba ni mpango wa namna hiyo: mgonjwa mmoja apewe wakimbiaji watano au sita. Huyu wiki hii, yule baada ya wiki tatu. Kazi ni kumpigia simu siku mbili kabla, kumpokea kituoni, kukaa naye foleni, kumrudisha. Akitoka kwenye dawa huenda ana kichefuchefu na mwili hauna nguvu. Matatu yenye muziki wa kupasua masikio na msongamano wa watu si mahali pake peke yake.

Masharti machache. Ukiwa na mafua usiende, tuma mwenzako, kwa sababu kinga yake iko chini. Usimpelekee mizizi ya jirani yako. Usimwambie kuhusu mtu unayemjua aliyekufa. Usimuulize alifanya nini hadi akaugua. Joto la mwili likimpanda au akitetemeka kati ya dawa moja na nyingine, hiyo ni dharura, hospitali siku hiyohiyo, usiku uwe usiku. Akitaka kutembea nanyi kidogo jioni, na daktari wake amekubali, mazoezi mepesi husaidia kupunguza ule uchovu. Akitaka kukaa kimya, kaeni kimya.

La mwisho ni la nyinyi wenyewe. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine zote, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa. Uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au inayotoa damu: usisubiri uchungu, kwa sababu mwanzoni mara nyingi hauumi. Nenda zahanati iliyo karibu, au zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Aliyefikisha miaka 40 amuulize daktari kuhusu mamografia. Na wanaume mnaocheka pale nyuma, kati ya wagonjwa mia moja wa saratani hii, mmoja hivi ni mwanamume. Jipapaseni.

Kwenye meza ya mlangoni kuna daftari mbili. Ya kwanza ni ya kujiandikisha kwa mbio, na naona tayari ina foleni. Ya pili ni ya wale watakaokuwa tayari kuandamana na mgonjwa kuanzia Jumatatu baada ya mbio: jina, simu, siku unayoweza, na kama una gari au pikipiki. Majina ya wagonjwa hayamo humo na hayataandikwa humo. Wahudumu wa hospitali ndio watakaowauliza wagonjwa kwanza kama wanataka mwenzao wa safari. Kalamu zipo. Chai nayo imefika.