Sindano ya Kila Mwezi

Msikilizaji, mtoto akisema koo linamuuma, wengi wetu humpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi tukamwambia litapoa. Mara nyingi hupoa kweli. Lakini koo lililoshambuliwa na bakteria waitwao streptokoka, lisipotibiwa, linaweza kuleta homa ya baridi yabisi. Magoti na vifundo huvimba na kuuma, kisha maumivu huisha na wazazi wakashukuru. Kumbe kinga ya mwili, katika kupigana na bakteria, imeigeukia milango ya moyo, yaani valvu. Homa ikirudi, milango hiyo huzidi kukakamaa au kuvuja. Mtoto huendelea kucheza na kwenda shule, hadi siku anaposhindwa kupanda kilima bila kuhema. Wanawake wengine hugundulika wakiwa wajawazito, moyo ukiwa umeelemewa tayari.

Katika nchi tajiri maradhi haya yamekuwa adimu, kwa sababu ya makazi bora na penisilini. Kwetu bado yapo. Milango ikishaharibika vibaya, tegemeo ni upasuaji katika hospitali chache, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala.

Kwa miaka mingi madaktari walijiuliza: tukimgundua mtoto mapema, kabla hajahisi lolote, je, sindano ya penisilini itauokoa moyo wake? Jibu limetoka kaskazini mwa Uganda. Watoto zaidi ya 100,000 walipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti. Kati ya waliokutwa na dalili za awali, 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Kundi la pili lilifuatiliwa bila sindano. Waliosoma picha za moyo hawakuambiwa mtoto yupi ni wa kundi lipi.

Matokeo yalitangazwa Novemba 2021. Katika kundi la sindano, watoto ambao ugonjwa wao ulizidi walikuwa 3 kati ya 399. Katika kundi la pili walikuwa 33 kati ya 400.

Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini kundi la pili lilikosa sindano. Ni kwa sababu wakati huo hakuna aliyejua kama ingewafaa watoto wa hatua hiyo. Sindano hii inauma sana, na kwa nadra mwili huikataa ghafla kwa namna ya hatari. Kumchoma mtoto miaka na miaka kwa kukisia tu nako ni kumkosea. Watoto hao na wazazi wao wametutoa kwenye kukisia, na tunawiwa nao shukrani.

Kuna jibu la pili, la watu wazima. Ugonjwa huu ukikomaa, moyo unaweza kupiga ovyo, damu ikaganda ndani yake, na donge likapanda ubongoni likaleta kiharusi. Dawa ya kuzuia hilo ni warfarini, lakini mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara: dozi ikipungua damu huganda, ikizidi hutoka bila kukoma. Ikaja dawa mpya, rivaroksabani, isiyohitaji vipimo hivyo, na wengi wakatarajia ingekuwa bora. Watafiti wakazilinganisha kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wanawake. Mwaka 2022 majibu yakatoka: waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache zaidi, ingawa damu yao haikuwa katika kiwango sahihi muda wote.

Penisilini hiyo na warfarini zilianza kutumiwa na binadamu kabla Tanganyika, Uganda na Kenya hazijapata uhuru. Bei zake si za kututisha. Zinachodai ni utaratibu usiokatika: sindano iwepo zahanati kila mwezi, muuguzi awepo wa kuichoma na kumhudumia mtoto akipatwa na madhara, na kipimo cha damu kiwe karibu na nyumbani kwa mgonjwa.

Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu maradhi haya, na nchi zetu ni wanachama. Utafiti umefanyika juu ya ardhi yetu, katika miili ya watoto wetu. Serikali inayoacha penisilini iishe zahanati, kisha ikatafuta fedha za kupasua mioyo, inalipia gharama kubwa jambo ambalo ingelizuia kwa gharama ndogo.

Nawe mzazi, koo la mwanao likiuma pamoja na homa, mpeleke akapimwe. Akiandikiwa dawa, amalize dozi hata kama amepata nafuu. Na kama tayari yuko kwenye sindano za kila mwezi, usiruke hata mwezi mmoja. Ukiambiwa dawa imekwisha, mwulize mganga mfawidhi itafika lini, na usichoke kuuliza.