Mzio wa Nyama Utokanao na Kupe, na Gharama ya Kutojua



Leo tunazungumzia jambo ambalo kwa wengi litasikika kama mzaha: kwamba mtu aliyekula nyama ya ng'ombe tangu utotoni anaweza kung'atwa na kupe, na baada ya majuma machache akawa hawezi kuila tena pasipo kuhatarisha maisha yake. Si mzaha. Ugonjwa huu umeonekana sana nchini Marekani, hususan katika majimbo ya kusini, ya kati na ya mashariki, na baadhi yenu mna watoto na ndugu wanaoishi huko. Tumeulizwa habari zake. Tumeulizwa pia swali la pili, ambalo kwetu ndilo zito zaidi: kwa nini serikali itumie fedha za umma kuwaeleza watu habari za mzio, ilhali magonjwa yanayohitaji dawa ni mengi?

Katika mwili wa ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na karibu wanyama wote wanyonyeshao imo sukari iitwayo alfa-gali. Sisi binadamu hatuna sukari hiyo. Kupe anapomng'ata mtu humwachia mate yenye sukari hiyo, na kinga ya mwili ya baadhi ya watu huanza kuihesabu kuwa adui. Huko Marekani mhusika mkuu ni kupe ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni. Australia na Ulaya wapo kupe wa aina nyingine wafanyao vivyo hivyo, na huko Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, madaktari wamethibitisha wagonjwa miongoni mwa watu wa vijijini. Kwetu kupe tumemzoea kuwa adui wa ng'ombe, mleta ndigana, ambaye dawa yake ni josho. Kumwona kuwa adui wa mla ng'ombe kunahitaji kuzoea.

Ugumu wa ugonjwa huu umo katika saa. Mwenye mzio wa karanga huwashwa na kuvimba midomo kabla hajainuka mezani, na hata mtoto hutambua kilichomdhuru. Mwenye mzio huu hula chakula cha jioni, akaaga, akalala. Kwa kawaida madhara hutokea muda wa saa mbili hadi sita baadaye: vipele mwili mzima, tumbo kukatika, kutapika, kuharisha, kukosa pumzi, na wakati mwingine shinikizo la damu kushuka hadi mtu kuzirai. Wapo ambao huumwa tumbo tu, bila kipele hata kimoja. Nani ataishuku nyama aliyoila jua likizama, tena nyama aliyoila miaka arobaini bila kudhurika?

Wanasayansi wenyewe waliufikia ukweli huu kwa njia ya kuzunguka. Wagonjwa wa saratani waliopewa dawa iitwayo cetuximab walikuwa wakidhurika vibaya katika majimbo ya Tennessee na North Carolina, mara nyingine kwa dozi ya kwanza tu, ilhali kwingineko hilo lilikuwa nadra. Mwaka 2008 watafiti, akiwamo Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia, walionyesha kwamba wagonjwa hao walikuwa na kingamwili dhidi ya alfa-gali hata kabla ya kuipokea dawa hiyo. Kupe alitambuliwa baadaye.

Mwaka 2025 watafiti wa chuo hicho walitangaza kifo cha kwanza kuthibitishwa kuwa kimetokana na nyama kwa mwenye mzio huu. Katika kiangazi cha mwaka 2024, mwanamume mmoja wa jimbo la New Jersey alikula nyama ya ng'ombe akiwa matembezini na familia yake. Usiku wa manane aliamka na maumivu makali ya tumbo, akatapika na kuharisha. Kulipokucha alikuwa amepata nafuu. Yeye na mkewe walishauriana kama amwone daktari, lakini wangemweleza nini? Majuma mawili baadaye alikula hambaga katika karamu ya mchana, na jioni hiyo hiyo akafariki. Uchunguzi wa maiti haukuonyesha sababu. Ni vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye ndivyo vilivyoifichua. Mkewe alikumbuka kwamba miguuni alikuwa na alama za kuumwa na vidudu walivyovidhani kuwa aina ya utitiri. Kwa maoni ya watafiti, huenda walikuwa kupe wachanga, ambao ni wadogo mno kiasi cha kutoonekana kwa urahisi.

Tuitazame tena ile asubuhi baada ya usiku wa kwanza. Mtu yu hai, ana majuma mawili, na anachokosa ni sentensi moja ya maelezo.

Nao madaktari je? Mwaka 2023 Kituo cha Udhibiti na Kinga ya Magonjwa cha Marekani kilitoa matokeo ya kuwahoji wahudumu wa afya 1,500. Asilimia 42 hawakuwa wamewahi kuusikia ugonjwa huu, na asilimia 35 nyingine walisema hawana uhakika wa kutosha wa kuutambua au kuwahudumia wagonjwa wake. Katika taarifa zake za wakati huo kituo hicho kilisema kwamba watu zaidi ya 110,000 walioshukiwa kuwa nao walibainika kati ya mwaka 2010 na 2022, na kwamba walioathirika huenda wakafika 450,000. Pengo hilo lina sababu yake. Ugonjwa huu hauko kwenye orodha ya kitaifa ya magonjwa ya kuripotiwa, na utambuzi wake huhitaji kipimo ambacho daktari asiyeujua hawezi kukiagiza. Kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti, na kisichopangiwa bajeti hakihesabiwi.

Hapo ndipo jibu letu kwa swali la fedha lilipo. Mzio huu hauna dawa ya kuuponya wala chanjo ya kuukinga. Kinachomwokoa mgonjwa ni kujiepusha na nyama hizo na kutong'atwa tena, jambo ambalo kwa baadhi ya watu hupunguza mzio baada ya miaka, pamoja na sindano ya adrenalini pale anapozidiwa. Kwa hiyo kumweleza mtu ndiyo tiba yenyewe. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2019 sheria ya magonjwa yaenezwayo na kupe na wadudu wengine, iliyopewa jina la Kay Hagan, aliyekuwa seneta wa North Carolina na aliyefariki mwaka huo kwa sababu ya virusi viletwavyo na kupe. Sheria hiyo iliruhusu majimbo kupewa ruzuku. Kuruhusu, hata hivyo, si kutoa. Kila mwaka fedha hupaswa kutengwa upya. Lau tungeulizwa zianzie wapi, tungesema kwa waganga wa zamu ya usiku, kwa kuwa wagonjwa hawa hufika usiku.

Sasa lebo, ambayo ndiyo kazi yetu ya kila siku. Sheria ya Marekani inataja vyakula tisa vya mzio ambavyo lazima vionyeshwe, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa, kuanzia Januari 2023. Nyama ya wanyama wanyonyeshao haimo. Supu ya ng'ombe yaweza kufichwa ndani ya maneno "ladha asilia". Jelatini huwamo katika peremende laini na katika magamba ya vidonge. Wengi wenu mmezoea kutafuta alama ya halali kabla ya kununua bidhaa zenye jelatini, na ni desturi njema. Lakini alama hiyo hueleza mnyama alivyochinjwa, na jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali ina alfa-gali kama nyingine. Kuku, bata, samaki na mayai havina sukari hiyo, ila viulizwe vimekaangwa kwa mafuta gani. Maziwa huwadhuru baadhi tu ya wagonjwa. Asiyedhurika halazimiki kuyaacha.

Kwa ndugu aliye huko, mwambieni hivi. Akitoka porini au bustanini ajikague mwili, hasa nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Akimkuta kupe amshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, amvute taratibu bila kumzungusha, kisha aandike tarehe. Akiamka usiku na vipele au tumbo lisiloelezeka, aandike pia alichokula jioni na saa aliyokula. Akishindwa kupumua au akizirai, ipigwe simu 911 papo hapo. Akienda kwa daktari aende na karatasi hiyo, aulize waziwazi kipimo cha damu cha alfa-gali, na amtajie kila dawa anayotumia. Asiache dawa yoyote kwa kuhofia gamba lake kabla ya kumwuliza mfamasia, kwa kuwa mara nyingi hupatikana nyingine isiyo na jelatini.