Mtoto Asiyetulia Naye Anahitaji Rafiki

(Mazungumzo na wazazi, walezi na vijana kwenye kituo cha jamii. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao siku hiyo walikuwa kwenye mgao.)



Nawashukuru kwa kuja. Najua wengine mmeacha madumu yenu kwenye foleni ya bomba na kumwomba jirani ayaangalie. Sitawachelewesha.

Leo tuzungumze juu ya mtoto ambaye kila mmoja wenu anamjua. Ni yule anayepenya foleni na kuwakatiza wakubwa maneno. Ukimtuma chumvi anarudi bila chumvi na bila pesa, kwa sababu njiani aliona wenzake wanacheza mpira akasahau alikotumwa. Akikasirika anarusha jiwe, na muda si mrefu analia kwa majuto. Mtaani wanamwita mtukutu, au wanasema ana mapepo. Wengine wanamsema mama yake, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Kwetu, mtoto huyo alikuwa mdogo wangu. Mama yetu alifariki nikiwa bado sekondari, nikabaki mimi namlea. Nilimpiga. Nasema mbele yenu bila kuficha, nilimpiga sana, nikiamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hakutulia. Siku moja, akiwa na miaka 11, nilimkuta nyuma ya nyumba anacheza peke yake mpira wa makaratasi, anaupiga ukutani na kuupokea mwenyewe. Nikamwuliza, wenzako wako wapi? Akasema, "Mimi hawanichagui." Wala hakulia. Alisema kama mtu anayekuambia leo ni Jumanne.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

HALI HII NI NINI?

Madaktari huiita kwa kifupi ADHD. Ni hali ya kukosa umakini, kutotulia na kutenda kabla ya kufikiri, kupita kiasi cha umri wa mtoto. Si jambo la vita vyetu wala la umaskini wetu. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London juu ya watoto wa namna hii. Mwaka 2007 wachunguzi walikusanya tafiti za nchi nyingi wakakadiria kwamba karibu watoto 5 kwa kila 100 wanayo.

Kwa sehemu kubwa hurithiwa katika ukoo, kama kimo. Haitokani na uchawi, wala mama hakukosea. Wasichana nao wanayo, lakini mara nyingi wa kwao yuko kimya. Anakaa darasani anatazama nje, daftari lake halina kitu, na watu husema ni mvivu.

Tafadhali, ukitoka hapa usimpe jina hili kila mtoto anayekusumbua. Madaktari huangalia mambo matatu. Dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi. Na zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia. Hapa kambini tuongeze swali la nne: mtoto alikuwaje kabla ya kukimbia? Mtoto aliyeona mauaji hushtuka, halali, hakazi akili, na kwa nje hufanana na huyu. Asiyesikia vizuri naye huonekana mkaidi. Kila mmoja anahitaji msaada wake, ndiyo maana tunawaomba mwende kwanza kwa wanaojua kupima.

BREKI ZINACHELEWA

Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake huko Marekani walichapa matokeo ya picha za ubongo wa watoto 223 wenye hali hii, pamoja na wengine 223 wasio nayo. Ubongo una gamba la nje ambalo huongezeka unene mtoto anapokua, kisha hupungua. Kwa watoto wa kawaida, nusu ya sehemu zilizopimwa zilifikia unene wa juu kwenye miaka 7 na nusu hivi. Kwa wenye hali hii ilikuwa miaka 10 na nusu. Walipita njia ile ile, ila walichelewa kama miaka 3. Uchelewaji mkubwa ulikuwa mbele ya ubongo, mahali panapotusaidia kujizuia na kupanga. Sehemu inayoongoza mwendo wa viungo ndiyo iliyowahi kidogo.

Mnaijua baiskeli ya mzigo inayoshuka mlima na breki zake zimelegea? Basi mtoto huyu yuko hivyo. Miguu imewahi, breki zimechelewa. Ukimpiga anayeendesha baiskeli hiyo, breki hazitakaza.

Na breki hizo hizo ndizo zinazozuia hasira, wivu na machozi. Wachunguzi wanaona kwamba watoto kama 25 hadi 45 kwa kila 100 wenye hali hii hushindwa kutawala hisia zao. Hivyo usishangae kijana wa miaka 13 akilia kwa kufungwa goli, kama mtoto wa miaka 9. Katika kujizuia, huenda bado yuko karibu na huyo wa miaka 9.

YANAYOTOKEA KATI YAKE NA WENZAKE

Mwaka 1994 Marekani zilichapwa habari za wavulana waliokusanywa katika kambi. Si kambi kama yetu, ni kambi ya michezo ya likizo. Hawakujuana kabla. Waliulizwa nani wanampenda na nani hawamtaki. Siku ya kwanza haijaisha, wenye hali hii walikuwa wamekwisha kukataliwa na wengi. Siku moja tu!

Uchunguzi mwingine wa huko huko uliwafuata watoto 579 waliopewa matibabu ya aina mbalimbali, na matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 1999. Dawa zilizosimamiwa vizuri zilipunguza dalili. Lakini baadhi yao walipochunguzwa darasani, zaidi ya nusu walikuwa katika kundi la waliokataliwa na wenzao, na hata baada ya matibabu bado walikuwa nyuma katika urafiki. Dawa inaweza kumtuliza mtoto, lakini haiwezi kumwendea jirani na kumwombea nafasi kwenye mpira.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo, ndugu zangu. Mtoto hujifunza kuishi na watu kwa kuishi na watu. Anajifunza kungoja zamu kwenye mchezo, na kuomba radhi kwa yule anayetaka kucheza naye tena kesho. Huyu anayekataliwa kila mahali anakosa shule hiyo. Akifika miaka 15, wanaompokea ni wale wasiopokelewa na wengine, na hapa kambini mnajua vijana hao wanamngoja wapi usiku.

Habari njema ipo. Mchunguzi Amori Mikami na wenzake, mwaka 2010, waliwafundisha wazazi namna ya kumsaidia mtoto kupata rafiki, na uhusiano wa watoto hao na wenzao ukawa bora zaidi. Mwaka 2013 walionyesha jambo lingine. Walimu walipomheshimu mtoto huyu mbele ya darasa, wakataja wazi anachokiweza na kuwafundisha wengine kutomtenga, wenzake walimchukia kidogo zaidi kuliko katika madarasa mengine. Kwa hiyo wa kubadilika si yeye peke yake. Na sisi tunaomzunguka tubadilike.

TUFANYE NINI?

1. Mwagize jambo moja kwa wakati mmoja. Msogelee, mtazame, sema kwa ufupi, kisha mwombe arudie ulichosema.

2. Msifu papo hapo. "Umengoja zamu yako bombani, nimeona." Usingoje jioni, maana kwake jioni ni mbali.

3. Acha fimbo. Akikosea, apate adhabu ndogo aliyoijua tangu mwanzo, kwa mfano kutoka mchezoni kwa dakika chache, halafu yaishe. Kosa la asubuhi lisiimbwe mpaka usiku.

4. Akiwaka hasira, usibishane naye. Ngoja apoe ndipo mzungumze.

5. Mtafutie rafiki mmoja, usianze na kumi. Mwalike mtoto mpole wa jirani kwa muda mfupi, uwape kazi ya kufanya pamoja, nawe ukae karibu. Waachane wakiwa bado wanafurahi.

6. Walimu, mketisheni mbele na mpeni kazi za kusimama, kama kufuta ubao na kugawa madaftari. Na mtajeni kwa mema mbele ya wenzake.

7. Vijana, mnapochagua timu, msimwache wa mwisho kila siku. Hilo halihitaji pesa ya mfadhili yeyote.

8. Mkiona dalili hizi, nendeni zahanati au mwoneni mfanyakazi wa huduma za jamii wa kijiji chenu. Dawa ni kazi ya daktari anayeijua hali hii. Msinunue vidonge sokoni wala msimpeleke mtoto kufungwa kamba kwa ajili ya mapepo.

Mtaniuliza, mdogo wako yukoje sasa? Ana miaka 16. Bado anasahau dumu bombani, na mwezi uliopita aligombana na mwalimu. Sikuja kuwaambia amepona. Lakini nilikwenda kwa mama mmoja wa mtaa wetu, nikamwomba mtoto wake aje tutengeneze naye banda la kuku. Mama yule aliogopa, nami namwelewa, kwa maana mdogo wangu aliwahi kumpiga jiwe mwanawe. Hata hivyo alimruhusu. Banda lilichukua siku tatu. Kuku wamekwisha kufa kwa ugonjwa, lakini vijana hao wawili mpaka leo wanakwenda shule pamoja.

Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli. Ila kukunja si kuvunja.

Jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, mtazame mtoto wako asiyetulia, ujiulize swali moja: nani aliyemchagua leo? Kama hakuna, kesho anza wewe.

 Mwenye swali, na aulize.