Aibu Ni Mlinzi wa Mwizi

Somo: Waamuzi 16:4–22

  Somo letu la leo ni habari za Samsoni na Delila. Ukiwa na Biblia, weka alama hapo, uisome baadaye pamoja na jamaa yako.

Habari hii twaijua tangu shule ya Jumapili. Samsoni alikuwa na nguvu ambazo Wafilisti hawakuweza kuzishinda. Basi wakuu wao wakamwendea Delila, na kila mmoja akaahidi kumpa vipande 1,100 vya fedha, iwapo atawapatia siri moja tu. Delila hakuja na upanga. Alikuja na swali. Aliuliza mara ya kwanza, Samsoni akamdanganya. Akauliza mara ya pili, na ya tatu. Hakuchoka. Alimsihi siku baada ya siku mpaka roho ya Samsoni ikalegea, naye akamwambia yote. Kisha akalala, na alipoamka alidhani kwamba nguvu zake bado anazo.

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo pengine hukutazamia kulisikia katika kipindi cha ibada, yaani kadi ya benki. Nalisema kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nilikuwa nimetoka mazishini, nimechoka, viatu vimejaa vumbi. Simu ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya upole akaniita kwa jina langu, akaniita Mchungaji, akasema anapiga kutoka benki. Akaniambia kwamba saa ile ile mtu fulani anatumia kadi yangu katika mji mwingine, na tusipomzuia upesi, akaunti itakwisha. Akaniomba nisikate simu. Akataka namba zilizo mbele ya kadi pamoja na tarehe yake, nikamsomea. Akataka tarakimu tatu zilizo nyuma; nikamsomea. Kisha ujumbe ukaingia katika simu yangu, wenye tarakimu sita. Ujumbe huo ulionya kwamba namba ile asipewe mtu yeyote. Lakini macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye zile tarakimu, onyo sikulisoma. Nikampa. Akanishukuru, akanitakia baraka za Mungu. Dakika chache baadaye ujumbe mwingine ukaja: shilingi 38,000 zimetoka. Zilikuwa karo ya mtoto wetu wa kwanza.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Kosa la pili ndilo lililonifanya nije mbele yenu leo. Nilinyamaza. Nilijiambia: mimi nimesoma chuo cha theolojia, mimi ndiye ninayewaonya Wakristo kila mara wajihadhari na manabii wa uongo. Wakisikia kwamba nimemtolea siri ya kadi mtu nisiyemjua, watasemaje? Mke wangu aliponiuliza kwa nini sili, nikamwambia kichwa kinaniuma. Nilimdanganya. Jumamosi nikakaa ndani, nikaandika mahubiri. Jumapili nikasimama mimbarani. Na nilipokuwa nikihubiri, simu yangu ikiwa imezimwa kule vestri, shilingi nyingine 21,500 zikatoka. Mwizi alikuwa bado na namba za kadi, na yako maduka ya mtandaoni huko ng'ambo ambayo hayaulizi namba ya uthibitisho.

Jumatatu asubuhi ndipo nilipokwenda benki. Karani aliyenihudumia, msichana mdogo, hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mchungaji, mbona hukutupigia simu Ijumaa?" Kadi ikafungwa kwa muda mfupi kuliko ule niliosimama kwenye foleni. Fedha hazikurudi. Za Ijumaa nilizitoa kwa kinywa changu. Za Jumapili nilizitoa kwa kunyamaza.

Ndugu zangu, siku ile nilijifunza kwamba aibu ni mlinzi wa mwizi. Yeye huingia akaiba, na aibu husimama mlangoni kumkinga asikamatwe. Wazee walisema, mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi nipe nafasi niseme machache ya kutusaidia.

Kwanza, kulinda siri. Hapa Kenya, tangu yapata mwaka 2014, mabenki yetu yalianza kutoa kadi zenye chipu, ambazo ni vigumu sana kunakiliwa kuliko zile za zamani zenye utepe mweusi peke yake. Ndipo wezi wengi wakafanya kama wakuu wa Wafilisti. Walipoona kufuli imekuwa imara, wakamgeukia mwenye ufunguo na kumwuliza. Kwa hiyo shika neno hili: benki yako haina haja ya kukuuliza namba yako ya siri, wala ile inayoletwa kwa ujumbe. Mtu akikupigia na kukuharakisha, kata simu. Si utovu wa adabu. Kisha wewe mwenyewe upige ile namba ya benki unayoijua.

Ukiwa kwenye mashine ya kutolea pesa, funika vidole vyako kwa kiganja unapobonyeza namba, maana wezi huweza kuficha kamera ndogo pale juu. Tazama mdomo wa kuingizia kadi. Ukiona umelegea au umebandikwa kitu, nenda penginepo. Kadi ikinaswa, usiibonyeze namba yako tena kwa kuelekezwa na mgeni aliyesimama nyuma yako. Simama hapo hapo, uwapigie benki. Na mtu akijitolea kukusaidia, mshukuru ukiwa umeshika kadi yako mkononi, kwa sababu wako wanaoibadilisha kwa nyingine inayofanana nayo kabla hujapepesa macho.

Nanyi wazazi wetu wazee, najua kwamba wengi wenu humtuma mjukuu na kadi pamoja na namba ya siri iliyoandikwa kwenye karatasi. Mnampenda, naye huenda ni mtoto mwema. Lakini karatasi ile ikianguka njiani, aliyeiokota si mjukuu wenu. Afadhali mfuatane naye polepole. Waombeni pia benki wawaletee ujumbe kila fedha zinapotoka, na wapunguze kiasi kinachoweza kutolewa kwa siku moja. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla, wakati majirani wanao, usingoje kesho. Pengine mtu ameihamisha laini yako ili apokee ujumbe wa benki kwa niaba yako. Tafuta simu nyingine, uwaambie kampuni ya simu na benki pia.

Pili, ukishadanganywa, sema. Sema saa ile ile. Piga simu benki, kadi ifungwe. Na namba ya kupiga usiiache nyuma ya kadi tu, maana kadi ikiibwa, namba nayo imekwenda. Iandike katika daftari nyumbani. Badilisha namba zako za siri. Peleka malalamiko yako benki kwa maandishi, ukitaja tarehe na kiasi. Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB, kwa kuwa wizi huu ni hatia chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018. Na akitokea mtu wa kukuambia kwamba atakurudishia fedha zako ukimtumia ada kidogo, mkimbie. Huyo ni mwizi wa pili, amekuja kuokota masazo ya wa kwanza.

Tatu, ninyi mnaoambiwa. Mwenzako akija kwako akisema ameibiwa hivi, usimcheke, wala usianze kumwambia kwamba wewe usingedanganyika. Dhambi ni ya aliyeiba. Ukimcheka mmoja, kumi wengine watanyamaza. Kanisa liwe mahali ambapo mtu aweza kusema, "Nimedanganywa," naye apewe kiti.

Na huenda asubuhi hii ananisikiliza kijana anayepiga simu za namna hiyo, au anayekodisha akaunti yake fedha zipitie humo. Mwanangu, fedha ile uliyoiita ya bure ilikuwa karo ya mtoto, au dawa ya mama mzee. Delila alilipwa fedha nyingi, na hata leo akumbukwa kwa usaliti wake. Rudi. Mlango wa toba ungali wazi.

Mtaniuliza, je, nyumbani iliishaje? Jumatatu ile, baada ya kutoka benki, nilimweleza mke wangu yote. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba fedha zimemwuma, lakini siku tatu za kudanganywa na mumewe zimemwuma zaidi. Nikamwomba msamaha, akanisamehe. Yeye ndiye aliyeniambia tuondoke siku ile ile, tukaonane na mwalimu mkuu. Tukakubaliwa kulipa karo kidogo kidogo, na mtoto hakurudishwa nyumbani. Msaada ule wote ulikuwapo tangu Ijumaa. Uliningoja nifungue kinywa.

Samsoni alipelekwa Gaza, akafungwa, akawekwa gerezani kusaga. Wafilisti walidhani habari yake imekwisha. Lakini mwandishi wa Waamuzi hakuliacha neno moja dogo: kwamba mle gerezani nywele zake zilianza kuota tena. Mungu hakumwacha mtu aliyedanganywa, hata kama alidanganywa kwa upumbavu wake mwenyewe. Wewe uliyeibiwa na ukaficha, umekuwa gerezani peke yako kwa muda gani? Leo, kabla jua halijachwa, mwambie mtu mmoja. Mwambie Mungu kwanza, kisha mwambie benki, kisha mwambie aliye wako.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wayajua yaliyofichwa mioyoni mwetu. Tupe hekima ya kulinda vile ulivyotukabidhi. Tupe unyenyekevu wa kukiri tunapokosea, na upole wa kumpokea aliyekosea. Wafariji walionyang'anywa, waguse wanaonyang'anya wapate kutubu. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.