Baiskeli ya Chuma na Vilima Vyetu



Nimeombwa niseme nanyi juu ya baiskeli ya chuma, ile kubwa nyeusi iitwayo Black Mamba, na jinsi mtu awezavyo kuigeuza ili imchukue safari ndefu pasipo kumchosha. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya Serikali, na mkono wangu umezoea kalamu kuliko spana. Lakini nimepanda baiskeli ya namna hiyo miaka mingi katika barabara ya Embu kwenda Meru, na haya nitakayosema nimejifunza kwa miguu yangu, na mengine nimejifunza kwa hasara.

Zamani baiskeli hizi zilikuja kutoka Uingereza, zenye majina ya Raleigh, Humber na BSA. Baadaye zikaja za Uhindi, kama Hero, na za Uchina, kama Phoenix, zenye umbo lile lile. Nalo ni umbo jema. Fremu ni ndefu, uma wa mbele umelala, magurudumu ni makubwa ya inchi 28, kwa hiyo mashimo ya njia hayampigi mpandaji kwa ukali. Tena chuma kina sifa moja kubwa: kikipindika hunyoshwa, kikikatika fundi wa sokoni hukiunga kwa moto, na safari ikaendelea. Mwenye baiskeli ya aluminiamu ikimvunjikia karibu na Igoji, basi atafute gari la kumrudisha kwao.

Walakini gia yake, nayo ni moja tu, haikupimwa kwa vilima vyetu. Ninyi mwajua hali ya nchi hii. Mito yateremka kutoka Mlima Kenya kwenda Tana, nayo barabara yetu haifuati mito bali yaikata. Mtu atokaye Runyenjes hushuka Thuci, akapanda. Akipita Chuka hushuka Nithi, akapanda. Kisha Mutonga, vivyo hivyo, mpaka afike Nkubu amechoka kana kwamba ndiye aliyeibeba baiskeli. Na kweli mahali pengi ameisukuma.

Dawa ya kwanza ni meno. Baiskeli nyingi zina meno 46 katika gia ya mbele na 18 katika gia ya nyuma. Hesabu yake ni rahisi: ukizungusha pedali mara moja, baiskeli huenda kama mita 5.7. Ondoa ile ya nyuma ya meno 18, utie ya meno 22. Sasa mzunguko mmoja wakupeleka chini kidogo ya mita 4.7, na nguvu unayoitoa kilimani yapungua karibu sehemu moja katika tano. Mnyororo utahitaji kuongezwa pingili mbili, nao usikazwe kama uzi wa zeze. Uachwe ulegee kidogo katikati. Kazi hii humalizika fundi akiwa bado anazungumza nawe. Apendaye zaidi, naye amejaliwa fedha, atafute gurudumu la nyuma lenye gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu chake, ambazo kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham ilianza kuzitengeneza mwaka 1902. Katika ile iliyoenea sana, ya mwaka 1936, gia ya chini huondoa robo nzima ya uzito wa kilima.

Vijana watacheka. Nasikia tayari mmoja anacheka. Watasema gia nyepesi ni ya wazee. Maneno hayo si mapya. Mwaka 1902 Bwana Henri Desgrange, ambaye mwaka uliofuata alianzisha mashindano ya kuizunguka Ufaransa, aliandika kwamba gia za kubadilisha zawafaa watu waliopita umri wa miaka 45. Alishikilia hivyo mpaka uzeeni, na ilikuwa mwaka 1937 tu ndipo gia hizo ziliporuhusiwa kwa wote katika mashindano yale. Tangu hapo sijasikia kwamba bingwa yeyote amezikataa.

Dawa ya pili ni kiti na usukani. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini: mguu ukinyoka sawasawa, kiti kimefika mahali pake. Wengi wetu twakiweka chini mno ili miguu iguse ardhi, kisha twalalamika magoti. Usukani nao uinuliwe mpaka ulingane na kiti au uzidi kidogo, mgongo usimame, macho yaone mbali. Kiti chenye springi kisitupwe hata kama chapiga kelele, kipake mafuta.

Mizigo ya safari isitundikwe kwenye usukani, kwa maana uma huwa mzito na baiskeli hukataa kukata kona. Shona mifuko miwili ya gunia, ining'inie pande mbili za keria, chini iwezekanavyo, ikiwa na uzito sawa. Kwa kufunga, hakuna kamba ipitayo ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu.

Sasa nafika katika breki, na hapa yanipasa niungame. Mimi mwenyewe nilianza na meno, nikafuata kiti, nikafuata mifuko. Raba za breki niliziona zimekwisha, nikasema zitangoja mshahara. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua zimeanza. Nilimpakia mpwa wangu, msichana wa miaka tisa, kwenye keria, tukashuka kwenda Thuci. Mwajua breki za fimbo: hubana rimu kwa ndani, nayo rimu ya chuma ikilowa huteleza kama samaki. Nilibana kwa mikono yote miwili na baiskeli haikujua kwamba nimebana. Lori lilikuwa mbele yetu. Nikachagua ukingo wa udongo. Mimi nilichubuka tu. Mtoto alivunjika mkono, na mpaka leo haunyoki kabisa. Dada yangu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angalinigombeza.

Wala sihitaji kuwakumbusha yaliyotokea daraja la Nithi mwezi Julai 2022, basi lilipotumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Miteremko ile imeshinda vyombo vyenye injini. Sembuse fimbo mbili na vipande vinne vya raba.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende huko. Raba mpya, zikiwa zimekaa sawa juu ya rimu zote mbili, fimbo zisilegee, rimu ifutwe tope na mafuta. Ukiweza, tia gurudumu la nyuma lenye breki ya kukanyagia nyuma, kwa kuwa breki hiyo imo ndani ya kitovu wala haijali mvua. Lakini isiachiwe kazi peke yake katika mteremko mrefu, maana hupata moto na kuyeyusha grisi yake. Bana kidogo kidogo tangu juu, usingoje mwendo ukolee. Na katika mvua, anza kubana mapema ili raba zikaushe rimu kabla hujazihitaji.

Baiskeli ile ningali nayo. Fremu ilipindika karibu na shingo, fundi mmoja wa Runyenjes akainyosha, na kovu lake laonekana chini ya rangi. Mpwa wangu sasa ndiye aipandaye kwenda shule. Kila asubuhi, kabla hajakaa, huinua gurudumu la nyuma, hulizungusha kwa mkono, kisha hubana breki na kutazama linavyosimama. Sikumfundisha mimi.

Mwenye swali na aulize. Fundi yuko hapa pamoja nami, naye ameleta spana zake.